Jina Chini ya Picha: Jinsia na Utambulisho wa Msanii kwa Wanawake Wachoraji wa Baroko

Uchoraji wa Baroko ulianza Italia mwishoni mwa karne ya 16 na kuenea Ulaya nzima hadi mwanzoni mwa karne ya 18. Ni sanaa ya mwanga mkali unaopasua giza, ya miili inayojipinda, ya tukio lililonaswa pale ambapo mambo hayawezi tena kurudi nyuma. Kanisa Katoliki liliitumia kugusa nyoyo za waumini baada ya Mtaguso wa Trento, wafalme wakaitumia kujikweza, na katika miji ya Uholanzi, ambako Waprotestanti walikuwa wameziondoa picha makanisani, wafanyabiashara wakainunua kwa ajili ya kuta za nyumba zao. Mahitaji hayo makubwa ya picha yaliwafungulia mlango wanawake kadhaa walioshika brashi kama kazi, si kama pumbao la wasichana wa nyumba za heshima: Artemisia Gentileschi katika Roma, Florence, Naples na London, Elisabetta Sirani katika Bologna, Judith Leyster katika Haarlem, Michaelina Wautier katika Brussels, Josefa de Óbidos nchini Ureno, Rachel Ruysch katika Amsterdam. Kila mmoja alilazimika kujibu kwa njia yake swali ambalo wachoraji wanaume hawakuulizwa: picha hii ni ya nani kweli?

Swali hilo lilikuwa na mizizi mirefu. Wasomi wa zama hizo walimfuata Aristotle, aliyefundisha kwamba katika kuzaa mwanamume ndiye anayetoa umbo na mwanamke hutoa mali ghafi tu. Waandishi wa sanaa walilihamishia fundisho hilo kwenye uchoraji. Kubuni kisa, kupanga watu wengi ndani ya picha moja na kuipa picha wazo kulihesabiwa kuwa kazi ya akili ya kiume. Mwanamke aliachiwa uangalifu, subira na wepesi wa mkono, sifa za mtu anayenakili vizuri. Hata sifa alizomwagiwa zilikuwa na mtego ndani yake. Giorgio Vasari, ambaye kitabu chake cha maisha ya wasanii kilitoka mwaka 1550, alimpa nafasi mchongaji Properzia de' Rossi wa Bologna, lakini kama ajabu lililopita kawaida ya wanawake. Zaidi ya karne moja baadaye, mwandishi Carlo Cesare Malvasia alipotaka kumpandisha Sirani juu kabisa, alimsifu kwamba alichora kama mwanamume. Anayesifiwa hivyo huinuliwa peke yake, na wanawake wenzake huachwa palepale walipokuwa.

Kizuizi kikubwa zaidi kilikuwa katika mafunzo. Mvulana aliingia uanagenzi mapema, akaishi kwa bwana wake, akasaga rangi, akanakili michoro, kisha akaingia katika vyumba ambamo wanaume walikaa uchi mbele ya wanafunzi. Somo la mwili mtupu lilikuwa msingi wa picha za visa vya Biblia, historia na hekaya za Wagiriki na Warumi, na picha hizo ndizo zilizowekwa juu ya aina nyingine zote kwa heshima na kwa malipo. Msichana hakuweza kulala nyumbani kwa bwana mgeni wala kutazama mwanamume aliye uchi. Njia iliyobaki kwa wengi ilikuwa baba mchoraji. Prospero Fontana, Orazio Gentileschi, Giovanni Andrea Sirani na Baltazar Gomes Figueira, baba yake Josefa, waliwafundisha binti zao katika karakana zao wenyewe. Monasteri nayo ilikuwa njia: mtawa Orsola Maddalena Caccia, binti wa mchoraji, alichorea madhabahu za makanisa mengi akiwa ndani ya monasteri yake huko Moncalvo. Leyster ni wa pekee kidogo, kwa kuwa baba yake hakuwa mchoraji bali mwenye kiwanda cha pombe.

Kujifunza kwa baba kulikuwa na gharama yake. Binti alirithi mtindo wa baba, wateja wa baba na jina la baba, na kazi yake ya mwanzo ilionekana kuwa tawi la karakana ya familia. Kwa hiyo saini, ambayo kwa wanaume wengi wa wakati huo ilikuwa jambo la hiari, kwa wanawake ilikuwa hati ya umiliki. Anayetaka kujua jinsi wachoraji hawa walivyojiona atapata mengi zaidi akichunguza walivyoandika majina yao kuliko akitafuta siri za mioyo yao ndani ya picha.

Mfano wa kulinganishia unatoka kizazi kilichotangulia. Lavinia Fontana wa Bologna, aliyezaliwa 1552, alijichora mwaka 1577 akipiga kinanda, mtumishi akiwa nyuma yake ameshika karatasi za muziki, na mbali karibu na dirisha kukiwa na kiunzi cha mchoraji. Picha hiyo ilitumwa kwa familia ya Gian Paolo Zappi, mwanamume aliyekuwa karibu kumwoa. Maandishi yake ya Kilatini yanamtaja kwanza kuwa bikira, kisha kuwa binti wa Prospero Fontana, na mwisho yanaeleza kwamba alijichora kutoka kwenye kioo. Heshima inatangulia, ukoo unafuata, kazi inakuja mwisho, na kiunzi kimesukumwa hadi ukutani. Hata hivyo ndoa yenyewe ilijengwa juu ya kiunzi hicho. Wanandoa waliishi nyumbani kwa baba yake Lavinia, na mapato ya brashi yake ndiyo yaliyowalisha. Alizaa watoto 11, akachora picha za watu mashuhuri na za madhabahu, kisha akahamia Roma kuwafanyia kazi wakuu wa Kanisa hadi alipofariki mwaka 1614. Bologna haikumwona kuwa mkosi kwa mumewe. Ilimwona kuwa fahari ya mji.

Artemisia Gentileschi alizaliwa Roma mwaka 1593. Mama yake alifariki msichana akiwa na miaka 12, naye akakulia katika karakana ya Orazio, rafiki na mfuasi wa mchoraji Caravaggio. Mwaka 1610, akiwa na miaka 17 au karibu, alitia saini na tarehe kwenye picha ya Susana na wazee, ambayo sasa iko Pommersfelden nchini Ujerumani. Kisa hicho, kilichomo katika kitabu cha Danieli cha Biblia ya Wakatoliki, kinasimulia jinsi wazee wawili walivyomvizia mwanamke akioga na kumtisha kwamba watamzushia uzinzi asipokubali kulala nao. Wachoraji wanaume walikipenda kwa sababu kiliwapa ruhusa takatifu ya kuchora mwanamke uchi. Tintoretto, kwa mfano, alimweka Susana bustanini, ametulia, anajitazama kwenye kioo huku wazee wakichungulia. Artemisia aliiondoa bustani yote. Susana wake amekaa kwenye jiwe tupu lenye ubaridi, amejikunja, mikono imeinuka kujikinga, uso umekunjamana kwa karaha, na wazee wawili wamemwelemea kwa juu wakinong'onezana. Hakuna mahali pa kukimbilia. Mtazamaji anayekuja kustarehesha macho anajikuta amesimama upande wa wazee.

Mwaka uliofuata Agostino Tassi, mchoraji aliyeshirikiana na Orazio kazini, alimbaka Artemisia, kisha akamtuliza kwa ahadi ya ndoa ambayo hakuitimiza. Mwaka 1612 Orazio alimshtaki kwa Papa Paulo V, na kesi ikachukua miezi. Kumbukumbu zake zimehifadhiwa Roma hadi leo. Artemisia alichunguzwa mwili, akahojiwa, na alipotoa ushahidi mbele ya Tassi alifungwa kamba vidoleni zikakazwa ili kupima ukweli wa maneno yake. Vidole hivyo ndivyo vilivyokuwa mtaji wake. Alishikilia kwamba aliyoyasema ni kweli. Tassi alipatikana na hatia na kuamriwa aondoke Roma, adhabu ambayo haikutekelezwa kwa dhati. Mwishoni mwa mwaka huohuo Artemisia aliolewa na Pierantonio Stiattesi wa Florence na kuondoka Roma.

Kesi hii imekuwa ufunguo wa kuisoma kazi yake yote, na hapo ndipo uchambuzi mwingi umepotoka. Picha inayohusishwa nayo zaidi ni ile ya Yudithi wa Biblia akimkata kichwa jenerali Holoferne, aliyoichora mara mbili: ya kwanza, iliyoko Naples, yapata 1612 hadi 1613, na ya pili, iliyoko Uffizi mjini Florence, yapata 1620. Wasomaji wengi wanaiona kuwa kisasi, Holoferne akiwa Tassi na Yudithi akiwa mchoraji mwenyewe. Tafsiri hiyo haiwezi kufutwa kabisa, kwa kuwa hakuna anayejua mtu huwaza nini anapochora. Lakini Susana, picha inayoeleza kwa ukali kuliko zote hali ya mwanamke anayewindwa, ilichorwa kabla ya ubakaji. Yudithi naye alikuwa mada iliyopendwa kote Italia. Caravaggio alimchora yapata 1599, na Fede Galizia wa Milan akamchora mwaka 1596 akiwa mwanamke kijana mwenye vito, kichwa cha adui kikiwa kwenye sinia.

Ulinganisho na Caravaggio unafundisha zaidi kuliko kumbukumbu za mahakama. Yudithi wa Caravaggio ananyoosha mikono mbali na mwili wake kana kwamba anaogopa kuchafuka, na mtumishi wake ni bikizee anayesubiri pembeni kwa mfuko. Yudithi wa Artemisia ameinama kazini, mikono imekaza, mkono mmoja umekamata nywele za jenerali na mwingine unasukuma upanga. Mtumishi ni kijana, na ndiye anayemgandamiza Holoferne kwa uzito wake wote. Wanawake wawili wanafanya kazi nzito kwa kushirikiana, na mchoraji amefikiria jinsi mwili wa mwanamume mwenye nguvu unavyoweza kudhibitiwa: nani ashike wapi, uzito uangukie upande gani, damu irukie wapi. Huo ni ubunifu, jambo lile lile ambalo nadharia ilisema mwanamke hana. Kuiita picha hiyo kilio cha mtu aliyeumizwa ni kumrudisha Artemisia kwenye hisia na kumnyima akili.

Florence ilimpa jina jipya. Hapo alitumia Lomi, jina la ukoo wa baba yake lililojulikana Tuscany, na kwenye upanga wa Yudithi wa Uffizi aliandika kwa Kilatini kwamba yeye, Artemisia Lomi, ndiye aliyeifanya kazi hiyo. Hakujitaja kuwa bikira, wala binti au mke wa fulani, na ni vigumu kupata tofauti kubwa zaidi na maneno ya Lavinia Fontana. Mwaka 1616 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika akademia ya wasanii ya Florence. Miongoni mwa waliomthamini walikuwa Galileo, ambaye Artemisia alimwandikia barua mwaka 1635 akikumbusha jinsi alivyomsaidia kulipwa kwa picha ya Yudithi, na Michelangelo Buonarroti Mdogo, mjukuu wa ndugu yake mchongaji mkuu Michelangelo, aliyemwagiza achore mwanamke anayewakilisha kipaji cha asili kwa ajili ya dari la jumba la ukoo wao. Mwanamke huyo alichorwa uchi. Katika miaka ya 1680 mrithi mmoja wa nyumba aliona aibu na kumwita mchoraji Baldassare Franceschini amfunike kwa nguo, na nguo hizo bado zipo juu ya rangi ya Artemisia.

Wateja walinunua pia mkono na sura ya aliyechora. Picha ya mwanamke mzuri iliyotengenezwa na mwanamke kijana mwenye sifa mjini ilikuwa na mvuto wa ziada, na Artemisia alilifahamu soko hilo. Katika miaka ya Florence uso wake unajitokeza kwa Mtakatifu Katarina wa Aleksandria, kwa mpiga luti, kwa shahidi wa kike. Kujitazama kwenye kioo kulikuwa rahisi kuliko kumlipa mtu wa kukaa, na wanunuzi walifurahi kumtambua. Ni makosa kuziita picha hizo zote tawasifu. Ni mavazi aliyoyavaa mbele ya wateja, na alichagua mwenyewe avae lipi. Barua alizomwandikia mpenzi wake Francesco Maria Maringhi, zilizogunduliwa mwaka 2011, zinaonyesha mwanamke mwenye madeni, wivu, hila na tamaa ya kupanda, ambaye wakati wa kesi alikuwa ameieleza mahakama kwamba hajui kuandika. Mtu huyo hatoshei katika umbo la mhanga wala la shujaa asiye na doa.

Kuanzia 1630 makao yake makuu yalikuwa Naples, na hapo hatimaye alipata kazi ya kanisa kubwa, picha za kanisa kuu la Pozzuoli zilizochorwa kati ya 1635 na 1637. Barua zake za 1649 na kuendelea kwa mteja wake Don Antonio Ruffo wa Messina ni hati adimu ya mchoraji mwanamke akijadili biashara kwa sauti yake. Anagombania bei, anaeleza kwamba hutoza kwa kila mtu aliyemo katika picha, anasikitikia gharama ya wanawake wa kukaa uchi, na anajivunia kwamba harudii mpangilio uleule. Anasimulia mteja aliyechukua mchoro wake na kumpa mchoraji mwingine amalizie, jambo ambalo anaamini lisingetokea kama angekuwa mwanamume. Anakiri kwamba jina la mwanamke huleta shaka mpaka kazi ionekane. Papo hapo anamwahidi Ruffo kwamba atauona moyo wa Kaisari ndani ya mwanamke. Alijua jinsia yake ni kikwazo, na alijua pia jinsi ya kuigeuza kuwa bidhaa.

Picha inayobeba wazo lake kuhusu usanii kwa uzito mkubwa zaidi ni ile iliyoko katika hazina ya kifalme ya Uingereza, yapata 1638 hadi 1639, alipokuwa London katika utumishi wa Mfalme Charles wa Kwanza. Cesare Ripa, katika kitabu chake cha alama za kuchorea mawazo, alikuwa ameeleza kwamba Uchoraji uonyeshwe kama mwanamke mwenye nywele nyeusi zilizovurugika, nguo inayobadilika rangi na mkufu wa dhahabu wenye kinyago, mdomo ukiwa umefungwa kitambaa kwa kuwa uchoraji ni sanaa bubu. Kwa mchoraji mwanamume, mwanamke huyo alikuwa daima mtu mwingine. Tiziano au Poussin angejichora yeye mwenyewe kama mwungwana, na Uchoraji kama binti wa kufikirika. Artemisia aliweza kuwa vyote viwili ndani ya mwili mmoja. Ameinamia turubai kutoka ubavuni, mkono wa kulia umenyanyuka na brashi, mkono wa nguo umevutwa nyuma, mkufu unaning'inia, na kitambaa cha mdomoni ameking'oa. Wapo wanaotilia shaka kama sura hiyo ni yake, kwa sababu alikuwa amekaribia miaka 45 na aliyechorwa anaonekana kijana. Hata kama wako sahihi, hoja inabaki: hakuna mwanamume aliyeweza kuuchora Uchoraji kwa namna ambayo mtazamaji angeuliza swali hilo.

Bologna ilitoa jibu lingine katika kizazi kilichofuata. Elisabetta Sirani alizaliwa 1638, na baba yake, aliyekuwa msaidizi wa mchoraji Guido Reni, alipozidiwa na jongo, binti huyo ndiye aliyeiendesha karakana na kuilisha familia. Alichora kwa kasi iliyozua uvumi kwamba baba ndiye mchoraji wa kweli. Elisabetta alijibu kwa kufungua mlango: wageni mashuhuri waliopita Bologna walikuja kumtazama akichora mbele yao. Alitunza pia orodha ya kazi zake na majina ya wateja, ambayo Malvasia aliichapisha mwaka 1678. Hadi kifo kilipomkuta Agosti 1665 akiwa na miaka 27, orodha hiyo pamoja na kazi zilizobaki inaonyesha takriban picha 200. Saini zake amezifuma ndani ya vitu vilivyochorwa, kwenye vifungo, mapindo ya nguo na mapambo ya mito, kiasi kwamba kumwondolea picha ni kuichana picha yenyewe.

Mada zake nazo zinasema mengi. Mwaka 1659 alimchora Timoclea wa Thebes, mwanamke aliyebakwa na kapteni wa jeshi la Alexander. Kapteni alipomdai dhahabu, Timoclea alimpeleka kisimani akamsukumia ndani. Wachoraji wengine walipendelea sehemu ya baadaye, Timoclea akiletwa mbele ya Alexander na kusamehewa, ili ukarimu wa mfalme uwe kiini cha kisa. Sirani alichagua kisima. Mwanamume anatumbukia kichwa chini, miguu juu, na mwanamke amesimama wima, uso umetulia. Mwaka 1664 alimchora Porcia, mke wa Brutus, akijitoboa paja kwa kisu ili kumthibitishia mumewe kwamba anaweza kutunza siri ya njama dhidi ya Kaisari. Katika chumba cha nyuma wanawake wengine wameinamia kazi za mikono za nyumbani. Jaribio ambalo Porcia anajiwekea ni lile lile alilowekewa mchoraji, la kuthibitisha uwezo ambao mwanamume angehesabiwa kuwa nao bila ushahidi. Sirani aliwafundisha wasichana wengi, wakiwemo dada zake Barbara na Anna Maria, na kwa mara ya kwanza Bologna ikawa na mahali ambapo msichana asiye na baba mchoraji aliweza kujifunza kwa mwanamke. Alipofariki kwa maradhi ya tumbo, mtumishi Lucia Tolomelli alishtakiwa kwa kumwekea sumu, na uchunguzi wa maiti haukuunga mkono tuhuma. Mji ulimfanyia mazishi ya fahari na kumlaza katika kanisa la San Domenico, kaburi moja na Guido Reni. Heshima hiyo ilikuwa kubwa, lakini pia ilimrudisha chini ya kivuli cha bwana wa baba yake.

Huko Haarlem hapakuwa na papa wala ikulu ya kugombania, bali chama cha mafundi na soko la wazi. Judith Leyster, aliyebatizwa mwaka 1609, aliingia Chama cha Mtakatifu Luka mwaka 1633, na kwa hiyo akawa na haki ya kuuza kazi na kuchukua wanagenzi. Alikuwa na uhakika wa nafasi yake. Mwaka 1635 mwanagenzi wake mmoja alipomhama baada ya siku chache na kukimbilia kwa mchoraji Frans Hals, Leyster alimfikisha Hals mbele ya chama na kulipwa sehemu ya ada, ingawa naye alitozwa faini kwa kuwa hakumwandikisha kijana huyo. Saini yake ilikuwa herufi za jina lake zilizounganishwa na nyota. Katika picha aliyojichora yapata 1630, iliyoko Washington, anageuka kutoka kwenye kiunzi kama mtu aliyeitwa na mgeni mlangoni, midomo imefunguka kwa tabasamu, amevaa mavazi ambayo hakuna anayeyavaa akishika rangi. Kwenye turubai anachora mpiga fidla mcheshi, aina ya picha iliyompa soko. Uchunguzi wa kisayansi umeonyesha kwamba mahali pa mpiga fidla huyo kwanza palikuwa na uso wa msichana. Leyster alibadili nia, akaonyesha bidhaa yake badala ya sura yake ya pili.

Mwaka 1636 aliolewa na mchoraji Jan Miense Molenaer, na baada ya hapo kazi zinazojulikana kuwa zake ni chache mno. Watoto, biashara ya familia na karakana iliyobeba jina la mume vilimeza jina lake. Baada ya kifo chake mwaka 1660 picha zake ziliuzwa kuwa za Hals au za Molenaer. Ilichukua hadi 1893 ndipo mwanahistoria wa sanaa Cornelis Hofstede de Groot alipoitambua herufi na nyota kwenye picha iliyokuwa imeuzwa London kuwa ya Hals, na kuianza upya orodha ya kazi zake. Mnunuzi wa picha hiyo alikuwa amekwenda mahakamani. Rangi zilikuwa zilezile na mpangilio uleule, ila thamani ilikuwa imeshuka.

Picha za vitu visivyo hai, yaani matunda, maua, vyombo na vyakula, zilihesabiwa daraja la chini na kwa hiyo zilifaa kwa wanawake kwa macho ya wakati huo. Hapo pia wachoraji walijipenyeza. Clara Peeters, ambaye maisha yake hayajulikani vizuri lakini picha zake zina tarehe za kuanzia 1607, alichora jibini, samaki na vikombe vya dhahabu, na kwenye vinundu vya vikombe hivyo akaweka uso wake mdogo ukiakisiwa mara kadhaa, katika baadhi akiwa ameshika brashi. Jina lake alilichonga ubavuni mwa kisu cha mezani. Giovanna Garzoni aliyechora matunda kwenye ngozi laini aliweka nadhiri ya usafi, ndoa yake fupi ikavunjwa, akazunguka katika majumba ya kifalme kutoka Turin hadi Paris, na mwishowe akaurithisha mali yake umoja wa wasanii wa Roma. Josefa de Óbidos hakuolewa, na hati za Ureno zinamtaja kuwa msichana aliyepewa uhuru wa kisheria kwa ridhaa ya wazazi, hali iliyomwezesha kununua ardhi na kufanya mikataba. Rachel Ruysch, binti wa mtaalamu wa anatomia na mimea Frederik Ruysch, aliolewa, akazaa watoto 10 na kuendelea kuchora maua kwa jina lake la usichana. Alihudumu katika ikulu ya Düsseldorf kuanzia 1708, na katika uzee wake aliongeza umri wake kwenye saini, mpaka miaka 83.

Michaelina Wautier wa Brussels aliukabili mwiko mkubwa kuliko wote. Katika miaka ya 1650 alichora msafara wa Bacchus, mungu wa mvinyo, kwenye turubai yenye upana wa zaidi ya mita tatu, iliyojaa wanaume nusu uchi, wazee kwa vijana, ambao miili yao inaonyesha wazi kwamba mchoraji alisoma maumbile ya kiume, hata kama haijulikani wapi. Pembeni amejiweka yeye mwenyewe, titi moja wazi, na katika umati wote ni yeye anayemkazia macho mtazamaji. Picha hiyo ilikuwa katika hazina ya Mtawala Leopold Wilhelm na jina lake likiwa limeandikwa. Kisha kwa muda mrefu ikapewa wanaume, kwa kuwa hakuna aliyeamini kwamba mwanamke aliweza kuichora.

Kusahauliwa kwao, kwa hiyo, hakukutokana na kutojulikana wakati wa uhai wao. Kulitengenezwa baadaye na wafanyabiashara waliopendelea majina ya bei kubwa na wanahistoria walioandika orodha bila wanawake. Mwanahistoria wa sanaa Roberto Longhi alimrudisha Artemisia kwenye historia kwa makala ya 1916, lakini sambamba na baba yake. Mwaka 1971 mwanahistoria wa sanaa Linda Nochlin aliuliza kwa nini hapakuwa na wanawake wasanii wakuu, na akajibu kwa kuelekeza macho kwenye taasisi, hasa kufungiwa kwao somo la mwili mtupu. Maonyesho aliyoyaandaa na Ann Sutherland Harris huko Los Angeles mwaka 1976 yalizileta kazi mbele ya umma, na kitabu cha Mary Garrard cha 1989 kikamfanya Artemisia kuwa kiini cha uchambuzi wa kifeministi. Mwaka 2018 jumba la National Gallery la London lilinunua picha yake ya Mtakatifu Katarina kwa pauni milioni 3.6.

Kurudi huko kumeleta hatari mpya. Picha yoyote ya mwanamke shujaa iliyochorwa kwa giza na mwanga inavutwa kuelekea kwa Artemisia, kana kwamba mada yenyewe ni saini, ilhali Cleopatra mmoja bado anagombaniwa kati yake na Orazio. Upande wa pili, David na Goliath aliyekuwa amepewa mchoraji Giovanni Francesco Guerrieri alisafishwa London, na jina la Artemisia likajitokeza kwenye upanga; huyo ni shujaa wa kiume, mada ambayo wachache wangemdhania. Mwaka 2023 hazina ya kifalme ya Uingereza ilitangaza kwamba Susana mmoja aliyekuwa ameandikwa kuwa wa mchoraji Mfaransa asiyejulikana ni picha aliyomchorea Malkia Henrietta Maria. Ngumu zaidi ni kazi za miaka ya mwisho huko Naples. Humo Artemisia alishirikiana na Onofrio Palumbo na wachoraji wengine, baadhi wakichora majengo na mandhari na yeye watu, kama karakana zote kubwa za wanaume zilivyofanya. Jina lake lilikuwa limekwisha kuwa alama ya karakana, na kutenganisha mkono wake na mikono ya wasaidizi katika picha hizo ni kazi ambayo bado inaendelea.